Juu Tulia, Chini Badilika

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo kwa kiasi chake. Wiki hii amekaa zaidi kwenye kiti cha dirishani kuliko kitandani, na jana alimgombeza muuza mkaa kwa kupiga kelele mlangoni. Alimgombeza kwa ule upande mmoja wa mdomo ambao kiharusi kilimwachia, na muuza mkaa akaomba radhi. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, ulimi bado anao.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nikipiga, Mama anataka aongee yeye, na akimaliza kukusalimia wewe na shule nzima hakuna muda uliobaki. Halafu hesabu za sehemu hazisemeki kwenye simu. Nikikwambia x juu ya x ongeza moja, utajuaje mstari nimeupiga wapi?

Basi hapo ndipo nilipokwama. Kila ulichonifundisha kimeniingia. Vipeo nimevielewa, na ile kanuni ya kuzidisha naifanya kichwani huku napiga pasi nguo za watu. Lakini nikiambiwa nitofautishe kitu chenye x juu na x nyingine chini, kichwa kinazunguka. Na wewe mwenyewe ulisema swali la mwisho la mtihani wa chuo cha upimaji ardhi huwa ni hilo, na ndilo lenye alama nyingi.

Sipendi kukusumbua, ila unajua hali yangu. Mwaka huu ndio wa mwisho. Mwakani umri umepita na chuo hakinitaki tena, hata nije na hesabu za dunia nzima. Nikipita, wewe unahamia shule ya huku na kukaa na Mama, mimi naenda. Ndivyo tulivyokubaliana jikoni, na Mama alikuwa anatusikia. Nimemwambia ajiandae kupata mpishi mpya asiyejua kukoroga hata uji. Alicheka mpaka akapaliwa.

Mdogo wako,
Chiriku


15 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Nimecheka peke yangu ofisini, wenzangu wakanitazama. Mwambie Mama uji nitajifunza.

Sasa kaa chini, zima pasi. Unapotofautisha kitu, unauliza kinabadilika kwa kasi gani. Kama ni sehemu, una wapangaji wawili kwenye nyumba moja, wa juu na wa chini. Kila mmoja anabadilika kwa mwendo wake, kwa hiyo huwezi kuwauliza wote kwa pamoja. Unamtuliza mmoja, unambadilisha mwenzake, kisha unageuza. Ndiyo kanuni ya mgawo. Ishike hivi:

Juu tulia, chini badilika. Toa. Chini tulia, juu badilika. Jibu lote ligawe kwa chini mara chini.

Chukua huo mfano wako, x juu ya x ongeza moja. Juu tulia: x. Chini badilika: moja. Ukizidisha unapata x. Toa. Chini tulia: x ongeza moja. Juu badilika: moja. Ukizidisha unapata x ongeza moja. Toa hiyo kwenye x, inabaki hasi moja. Gawa kwa x ongeza moja mraba. Umemaliza.

Jambo moja nalisisitiza. Kwenye ile kanuni ya kuzidisha haijalishi nani anatangulia, kwa sababu katikati kuna kujumlisha. Hapa katikati kuna kutoa. Ukimtanguliza asiyestahili umeharibu swali zima. Ushike mpangilio huu kama nilivyokuandikia, na usimsikilize mtu wa mtaani.

Nakuwekea maswali nyuma ya karatasi. Fanya, uniletee nisahihishe. Na uruke mstari kila hatua, mwandiko wako umebanana. Wanafunzi wangu wamenipa jina, Madamu Ruka Mstari. Wanadhani sijui.

Huku kazi zimenizidi. Mkuu wa shule anataka niwe makamu wake muhula ujao. Sijamjibu.

Dada yako


28 Machi

Dada,

Shikamoo tena, Makamu. Kwanza hongera, ingawa hujamjibu. Nimemwambia Mama, akasema utamkataa huyo mkuu kwa sababu unakuja nyumbani. Mimi nikasema ndiyo. Barua ya kuomba uhamisho umeshaipeleka? Nauliza tu, maana nasikia huwa zinakaa mezani kwa watu.

Majibu ya maswali yako yote haya hapa, nimeruka mistari mpaka karatasi zimeniishia. Kanuni imenikaa. Mama naye anaijua. Nikimgeuza kitandani anasema, "Juu tulia," na mimi namwambia, "Chini badilika," halafu namvuta.

Ila kuna kitu kinanikera, unisaidie. Ile x juu ya x ongeza moja nilijaribu kupachika namba. Nikiweka moja napata nusu. Nikiweka mbili napata theluthi mbili. Nikiweka tatu napata robo tatu. Dada, inapanda. Niliweka mpaka mia, bado inapanda. Lakini jibu la kanuni ni hasi, na wewe ulinifundisha mwezi wa kwanza kwamba hasi maana yake kinashuka. Sasa kinapandaje huku kinashuka?

Nimerudia mara nyingi, nikadhani nimekosea kutoa. Nikajaribu nyingine kwenye maswali yako, nayo vile vile: namba zinakwenda huku, kanuni inakwenda kule. Najua mjinga ni mimi. Niambie tu ujinga wangu uko wapi, nilale.

Mdogo wako,
Chiriku


9 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Nimesahihisha, umepata yote. Angalia tiki zangu. Nimefurahi sana na mwandiko.

Kuhusu hilo linalokukera, ndilo kosa la watu wanaojisomea nyumbani. Alama ya hasi kwenye sehemu haina maana ile ya mwezi wa kwanza. Sehemu zina tabia zake. Hasi inakuja kwa sababu ya kanuni yenyewe, basi, haisemi kinapanda wala kinashuka mpaka ufike masomo ya juu zaidi. Utafundishwa hilo chuoni, si sasa.

Na hiyo tabia ya kupachika namba uiache kabisa. Watahini wakiona mtu anapachika namba wanajua hana uhakika, wanamkata alama. Fuata kanuni, andika jibu, funga karatasi. Unaniamini au huniamini?

Uhamisho una taratibu zake, usiniharakishe. Wewe shughulika na mtihani.

Mwambie Mama nampenda. Nilipanga kuja wakati wa likizo lakini kuna semina.

Dada yako


30 Mei

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, gari linaondoka kesho alfajiri. Mama atakaa na jirani wa mlango wa pili mpaka nirudi. Nimemwonyesha yote, dawa, beseni, mto wa chini ya goti. Mama amemwambia jirani kwamba mimi nakwenda kupima dunia na nikirudi nitamwambia upana wake.

Namba nimeziacha kama ulivyosema. Kila zikinijia nazifukuza. Ni kweli nilikuwa najichanganya bure, kichwa kimetulia sasa.

Nilitaka useme "haya, nenda" kabla sijapanda gari, lakini simu yako haipatikani tangu juzi. Basi nimejisemea mwenyewe kwa sauti yako. Asante, Dada. Kama si wewe ningekuwa najua pasi tu.

Mdogo wako,
Chiriku


6 Juni

Dada,

Nimerudi jana. Jirani anasema Mama hakulala vizuri. Nimemwogesha, amelala sasa, nami nimekaa sakafuni kando ya kitanda chake ili nikuandikie haya kabla sijaanza kujidanganya.

Tulipangwa foleni nje ya ukumbi. Mbele yangu alisimama msichana mwenye sweta la shule, anatikisa kichwa na kuimba kwa sauti ya chini: "Chini tulia, juu badilika, toa, juu tulia, chini badilika." Nikamgusa bega. Nikamwambia, mwenzangu, umegeuza, unaanza na juu. Akasema wao wamefundishwa kuanza na chini. Mimi nikacheka. Nilimcheka, Dada. Nikamwambia mimi nimefundishwa na dada yangu wa tumbo moja, na yeye ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo abadilishe kabla hajaingia aje anishukuru. Yule mtoto alibadilika uso.

Swali la mwisho lilikuwa sehemu. Nne x juu, x mraba ongeza moja chini. Tofautisha, kisha sema kama x ikiwa moja ni kilele au ni bonde. Nikafuata kanuni yako neno kwa neno. Alama zake nikazisoma kama za mwezi wa kwanza, maana njia nyingine sina: kabla ya moja inashuka na baada ya moja inapanda, kwa hiyo bonde. Mkono ulikuwa unaniwasha kupachika namba. Ukiweka sifuri unapata sifuri. Ukiweka moja unapata mbili. Ukiweka mbili inarudi chini ya mbili. Mtoto wa darasa la nne angesema hicho ni kilele. Nami nikajiambia, Dada amekataza, watanikata alama. Nikaandika bonde, nikapigia mstari, nikafunga karatasi nikiwa na furaha.

Nje nikamkuta yule msichana. Nikamuuliza ameandika nini. Akasema kilele. Akasema alitaka kunifuata mimi lakini akamwogopa mwalimu wake, maana mwezi wa tatu aliwaandikia kanuni ile ubaoni kwa chaki nyekundu akawaambia atakayeanza na juu asimwite mwalimu wake. Nikamuuliza mwalimu gani huyo mkali. Akacheka, akasema, "Tunamwita Madamu Ruka Mstari."

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. Yule mtoto akadhani nimeshikwa na njaa, akanipa maji yake.

Mwezi wa tatu. Darasa zima uliwapa ya kweli, ukaja ofisini ukakaa, ukanicheka na uji wangu, ukaniandikia mimi ya uongo. Kwa mwandiko mzuri. Ukaruka mistari.

Niambie nimeelewa vibaya. Nipe sababu yoyote, hata ya kijinga, nitajitahidi kuishika.

Mimi


17 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako haina hata salamu. Nimelelewa vingine, na wewe pia.

Mtu anachoka. Wakati ule nilikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha, inawezekana kalamu iliteleza. Wewe unakaa na mtu mmoja, mimi nakaa na watoto mamia, na kila mmoja ana mzazi wake wa kulalamika. Kuteleza kwa kalamu si dhambi. Na mtihani si swali moja, huenda umepita kwa mengine. Subiri matokeo kabla ya kunivua nguo.

Halafu kumsikiliza mtoto wa foleni kuliko damu yako, sikulitegemea kwako.

Mama asisikie haya, ana presha.

Dada yako


25 Juni

Dada,

Haya, shikamoo, ili usinigeuzie kesi.

Kalamu huteleza mara moja. Wewe uliandika kanuni kinyume, ukafanya mfano kinyume, ukaniletea maswali, nikayafanya kinyume yote, na ukapita juu yake na tiki, moja baada ya nyingine, ukasema umefurahi na mwandiko. Kalamu gani hiyo inayoteleza kwa utaratibu?

Na hayo yote ningeweza kuyameza. Kuna lisilomezeka. Mimi nililiona. Nilikaa na meza ya kupigia pasi na karatasi, bila mwalimu, nikaona namba zinapanda na kanuni inashuka, nikakuletea wewe kwa mikono miwili kama mtoto anavyoleta alichookota. Ulijua niko sahihi. Ungeweza kuandika "samahani, geuza," ningecheka na ingekuwa imekwisha. Badala yake uliniambia niache kuamini macho yangu. Ukaniuliza kama nakuamini. Nikakuamini, nikaacha kuyaamini macho yangu, nikaingia nayo ukumbini yakiwa yamefumbwa.

Matokeo yametoka jana. Nimeanguka kwa alama chache, ambazo swali la mwisho peke yake lingezifidia na nyingine zikabaki. Nimeuliza kuhusu umri. Yule karani alikuwa mpole, aliniambia polepole, lakini ni hapana.

Swali langu la uhamisho hujalijibu tangu mwezi wa tatu. Sasa halihitaji jibu, nadhani.

Nataka neno moja tu kutoka kwako, la kweli, si la kiofisi. Kwa nini?

Mdogo wako


8 Julai

Chiriku,

Barua ya uhamisho sikuiandika.

Nilikuja mwaka jana, unakumbuka, ukaenda sokoni ukaniacha na Mama. Alijichafua. Nilisimama mlangoni na beseni mkononi nikashindwa kuingia mpaka uliporudi. Yeye alikuwa ananitazama. Ulidhani ndiyo kwanza nafika pale mlangoni, nami nikakuacha udhani hivyo. Siwezi, Chiriku. Siwezi kumwosha, siwezi kuusikiliza ule mdomo, siwezi kukaa kwenye nyumba ile nikasubiri. Wewe unaweza, tena unacheka. Kila ulipoandika jinsi unavyoelewa upesi, nilikuwa naona mlango wa shule hii unafungwa nyuma yangu. Muhula huu nimekuwa makamu.

Nilianza kuandika kanuni ilivyo. Kisha nikaona ni rahisi mno, kugeuza maneno mawili tu. Nilijiambia kama ni mwerevu atagundua. Ukagundua, ndipo nikaogopa zaidi.

Unichukie, lakini usimwambie Mama. Nakuomba kwa jina la tumbo lililotuzaa. Nitatafuta mtu wa kukusaidia kazi hapo nyumbani, upumzike hata siku za mwisho wa wiki.

Dada yako


19 Julai

Dada,

Shikamoo. Barua hii ameileta Mama. Iko mfuko wa kushoto wa sweta lake, nimemwambia akupe mwenyewe. Tumefika ukiwa darasani, sikutaka kukuita mbele ya wanafunzi. Nimemwacha na jirani yako, yule mwalimu wa jiografia, atakaa naye mpaka kengele ya mwisho. Mama nimempangia kitanda kwenye chumba chako cha mbele kwa sababu kina mwanga.

Anajua. Kila barua yako huwa namsomea kwa sauti, anaipenda, anafumba macho anasikiliza. Hii ya mwisho nilianza kumsomea bila kuipitia. Nilipofika kwenye beseni nikatambua nasoma nini. Ningeweza kuacha. Sikuacha. Nilimsomea mpaka mwisho, na usije ukaniuliza kama najuta, sijajua bado.

Hakulia. Alisukuma bakuli la uji kando. Halafu akasema alikuona siku ile, muda wote uliosimama mlangoni. Akasema, "Nipeleke kwake." Nikamwambia, "Mama, hakutaki." Akasema, "Ni mwanangu. Atanitaka akishanishika." Mimi nisingeweza kusema hivyo juu yako, lakini mimi si mama yako.

Kesho kutwa naanza kazi na kikosi cha wapimaji. Nitashika fito za kupimia, mwenye cheti atasimama kwenye chombo na kusoma namba. Nilikwenda kuomba mwenyewe, na hawakuniuliza sehemu wala mgawo. Tutakuwa porini muda mrefu.

Mama anageuzwa akiwa amekunja goti, usimvute mkono wa kulia, unauma ingawa hasemi. Asinywe kitu akiwa amelala. Akiogeshwa hupenda umwongeleshe habari za watu, umbea wowote, hata wa kubuni, ili asijione yeye. Uji usiwe mzito. Akinyamaza sana ujue ana jambo, subiri, usimmalizie maneno. Siku ya kwanza utatapika. Mimi pia nilitapika, nyuma ya nyumba, kisha nikanawa nikarudi. Sikuwahi kukuambia kwa sababu nilitaka uone ni rahisi, ili usiogope kuja.

Anwani yangu nimemwachia Mama. Usiniandikie hesabu, wala msamaha, sina pa kuuweka sasa. Niandikie Mama amelalaje.

Mdogo wako